Pakeji ya Umra ya kumi la mwisho: nyota tatu, moja ni ya treni

Nilimpeleka Mama Umra Ramadhani ya 1446, yaani Machi 2025. Siku tano Madina, kumi na moja Makka, kurudi siku ya pili ya Idi. Wakala simtaji. Nimeshaongea na watu waliosafiri na mawakala wengine na malalamiko yao ni haya haya, kwa hiyo yachukue maoni haya kama ya pakeji yenyewe ya kumi la mwisho (siku kumi za mwisho za Ramadhani), sio ya duka fulani.

Karatasi walizimudu. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo walitusukuma tuipate mapema (cheti chake kinatakiwa kiwe na siku kumi kabla hujafika), viza zikatoka bila mtu kuitwa mara mbili. Kibali cha kuingia Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, ambacho siku hizi huombwa kwenye programu ya Nusuk, walituombea wote tukiwa bado nyumbani. Hilo tu lingenitosha kuwasifu, maana kwa utaratibu wa kawaida ukiingia mara moja unasubiri siku 365, na nafasi za Ramadhani zikifunguliwa huisha huku unatazama. Kasoro ndogo: Mama anatumia simu ya kitochi. Kila mtu anahitaji kibali chake cha kuonyesha mlangoni, na wanawake wana muda wao mbali na wanaume, kwa hiyo mimi na simu yangu tusingeweza kumsindikiza. Dada mmoja wa msafara wetu akamfungulia kwenye yake. Wakala angeliona hilo tangu siku aliyopokea pasipoti ya mtu wa miaka sabini.

Madina ilikuwa raha. Futari ya pakeji tuliila siku ya kwanza tu. Kuanzia siku ya pili, kila tukikaribia msikiti, kijana anamshika mtu mkono wa kanzu anamvuta kwenye sufra yake (kitambaa cha futari kilichotandikwa chini) kama vile mgeni ndiye anayemfanyia hisani. Tende, mkate wa shuraik, mtindi unaonyunyiziwa viungo vya dukka, gahawa. Dakika chache baada ya adhana sufra zimekunjwa na zulia ni safi, watu wanasali. Mama alikuwa akirudi kutoka upande wa wanawake na tende kwenye mkoba, kila siku, akisema ni za daku. Daku halikuzihitaji. Alikuwa anazikusanya za kuja nazo nyumbani.

Kutoka Madina kwenda Makka tulipanda treni ya Haramain, na hapa ndipo nyota yangu moja nzima ilipo. Ni kilomita kama 450, inafika mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Basi lingetula nusu ya siku tukiwa na saumu. Tulioga na kuvaa ihramu hotelini, kisha Ustadhi aliyetuongoza akatupigia hesabu ya mikati ya Dhul-Hulayfa, mahali ambapo hupiti bila kunuia Umra, tukiwa tumekaa vitini, tukanuia, behewa zima likaanza talbiya. Magoti ya Mama hayakulalamika hata mara moja.

Yalilalamika Makka.

Kwenye karatasi hoteli ilikuwa "mita 700 kutoka Haram", yaani Msikiti Mtakatifu. Ilikuwa upande wa Misfala, na labda kweli ni mita 700 kwa ndege wa angani mpaka ukingo wa uwanja. Lakini katika kumi la mwisho hauendi unakotaka. Msikiti ukijaa milango inafungwa, askari wananyoosha mkono, wimbi la watu linageuzwa na wewe umo ndani yake ukisukuma kiti cha magurudumu. Usiku wa kwanza tulitembea mpaka Mama akamwita Ustadhi, kwa adabu kabisa, akamuuliza: "Mwanangu, hizo mita mlizipima kwa miguu ya nani?"

Na hizo ni za barabarani. Sisi tulilala ghorofa ya kumi na mbili. Lifti nne, zinazofanya kazi mbili. Hoteli nzima inashuka kwa wakati mmoja kwenda tarawehe, inapanda, inashuka tena kwa tahajudi baada ya saa sita usiku, kisha inapanda kula daku. Kuna usiku nilisubiri lifti muda mrefu kuliko nilivyotembea, na daku nililolikuta ni wali uliopoa. Mwishowe tukajipangia wenyewe: tunashuka kabla ya Alasiri, tunakaa huko huko mpaka baada ya tarawehe, na chupa ndogo ya kunyunyizia ya udhu ili Mama asilazimike kwenda kupanga foleni vyooni.

Umra yenyewe walitaka tuifanye kwa pamoja usiku ule ule tuliofika, watu thelathini na nane nyuma ya kibendera. Mzunguko wa tatu wa tawafu kundi lilikuwa watu watano na kibendera. Mimi na Mama hatukuwemo. Nilimwambia Ustadhi tutabaki na ihramu zetu mpaka asubuhi, akakubali, Mungu amlipe. Saa tatu asubuhi wengi wamelala kwa uchovu wa usiku. Tulipelekwa ghorofa za juu za msikiti, ambako mzunguko ni mrefu zaidi lakini kuna vigari vya umeme vya kukodi, na kwenye Safa na Marwa kuna njia ya katikati ya viti vya magurudumu. Kabla ya Adhuhuri tulikuwa tumemaliza. Kama una mzee, usikubali Umra ya bendera.

Linaloniuma ni mpangilio. Hadithi ya Umra ya Ramadhani kulipa thawabu ya Hija inautaja mwezi, haikutaja kumi la mwisho. Ningeweza kumfanyisha Mama Umra katika kumi la rehema, lile la kwanza, chumba kikiwa karibu zaidi na kwa bei ambayo haifanani kabisa na hii, halafu nikamalizia naye Madina, kwenye uwanja tambarare, akiutafuta Lailatul Kadri bila lifti. Wakala hakunipa hata chaguo hilo. Nami sikuuliza, nilikuwa nimeshaipenda picha ya usiku wa ishirini na saba.

Nyota tatu, basi: karatasi, treni, na Ustadhi. Hoteli sina cha kuipa.

Wameshanitumia tangazo la mwaka ujao, "karibu zaidi na Haram". Nimewajibu kwa maandishi, naomba jina la hoteli, ghorofa, na idadi ya lifti zinazofanya kazi. Naona wamesoma. Jibu bado.