Glasnevin, Dublin: nilifuata habari za 1916, nikasalimiwa "Jambo"

Nilikuwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kikazi, nikabakiwa na alasiri moja. Nikalipia ziara ya kutembezwa kwenye makaburi ya Glasnevin na kampuni ndogo ambayo jina lake nitalihifadhi. Saa moja na nusu kwa miguu, rasharasha mwanzo mwisho.

Mwongozaji anaijua kazi yake. Makaburi haya yalifunguliwa 1832 na waliolala humo wanapita milioni moja, hivyo ukiingia peke yako utazunguka mpaka uchoke. Alianza na Michael Collins, kiongozi wa kupigania uhuru wa Ayalandi aliyewatoa jasho Waingereza halafu akauawa Agosti 1922 na Waayalandi wenzake, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kaburi limejaa maua mabichi. Kisha akatuonyesha msalaba uliosimamishwa 2014 kwa ajili ya Waayalandi waliokufa wamevaa sare za Uingereza. Pasaka ya 1916, waasi wa Kiayalandi waliotaka uhuru kutoka Uingereza walipoiteka Posta Kuu ya Dublin, maelfu ya vijana wa nchi hiyohiyo walikuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa wakimpigania mfalme wa Uingereza. Kuna nyumba zilizokuwa na mtoto mmoja huku, mwingine kule. Alilieleza hilo bila kuvutia upande wowote, na hapo nikaona pesa yangu haikupotea.

Kwenye kaburi la Roger Casement nilichelewa kuondoka. Ndiye konsuli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa uvunaji wa utomvu wa mpira chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo. Miaka 12 baadaye Waingereza walewale wakamnyonga London, kwa kuwatafutia waasi wale wa 1916 silaha Ujerumani. Mabaki yake yalirudishwa 1965.

Sasa lalamiko langu. Tulipita makaburi ya askari wa Kiayalandi waliouawa Niemba kwa sentensi moja, "hawa walikufa Kongo," na mwamvuli wa mwongozaji ukasonga mbele. Mimi ni mtu wa Kigoma. Niemba iko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie. Nikabaki nyuma kwa makusudi.

Ziara ilipoisha nilimfuata nikamuuliza, naye, nimpe haki yake, akarudi nami mvuani. Ayalandi ilipeleka askari Kongo 1960 chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 8 Novemba, doria ya watu 11 ilikwenda kukagua daraja lililobomolewa karibu na Niemba. Wakatokea Waluba, watu wa kabila la huko, na mishale. Inasimuliwa kwamba Luteni Kevin Gleeson alisonga mbele akawasalimia, "Jambo!" Hakuitikiwa. Walikufa 9.

Niliduwaa. Katika makaburi yote yale, neno la kwetu lilikuwa hapo, mdomoni mwa mtu aliyekuwa na dakika chache tu za kuishi.

Nikamuuliza kama huwa anawaeleza wageni Waluba waliona nini siku ile. Akasema mara chache. Basi nikamweleza mimi: vijiji vyao vilikuwa vikichomwa na majeshi ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, yakiongozwa na maofisa wazungu. Mzungu mwenye sare na bunduki, ungemtambuaje huyu ni wa amani? Akakubali, akaongeza kwa aibu kidogo kwamba baada ya mazishi yale makubwa ya Dublin, "Baluba" likageuka tusi mitaani Ayalandi. Nina majirani Waluba. Sikucheka.

Nyota 4 kati ya 5. Ukienda, mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka kusimama kwenye makaburi ya askari wa Niemba, maana njia yao ya kawaida haitoi nafasi. Viatu viwe vya kuhimili tope. Na kama huna fedha ya ziara, kuingia makaburini penyewe ni bure. Mimi nilirudi asubuhi yake kabla ya ndege, peke yangu, nikayakuta yale makaburi 9 bila kumuuliza mtu.