Vifaa Janja vya Waifai kwa Nyumba za Kisumu na Magharibi: Kipi Ununue Kwanza

Orodha nyingi za vifaa vya nyumba janja huanza na balbu za rangi na spika ya kuongea nayo. Kwa nyumba ya Kisumu, Kakamega au Bungoma mimi naupindua mpangilio huo. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na kila anayeishi huku anajua stima inavyopepesa mvua ya jioni inapokaribia, kisha ikazima kabisa. Basi nimevipima vifaa hivi kwa kuangalia vinafanya nini stima ikipotea, intaneti ikikatika, na hasa stima inaporudi.

Nambari moja: UPS ndogo ya ruta

Najua si kifaa cha kumwonyesha mgeni, lakini bila ruta iliyo hai vingine vyote ni mapambo. UPS ndogo ni betri unayoiweka kati ya chaja na ruta, na nyingi huuzwa kati ya shilingi 2,000 na 4,500. Kabla hujatoka nyumbani pindua ruta yako usome kibandiko cha chini. Nyingi za faiba hutumia volti 12, chache volti 9. Kama kisanduku cha faiba kiko kando na ruta, vyote viwili vinahitaji moto, la sivyo waifai itakuwepo lakini intaneti haitakuwepo.

Usidanganyike na tarakimu za kwenye boksi. UPS ya mAh 8,800 hupimwa kwa betri za volti 3.7, kwa hiyo inabeba saa-wati kama 32 hivi. Ruta inayokula wati 10 itakaa saa mbili na nusu, labda tatu betri ikiwa mpya. Hiyo inatosha kwa katizo nyingi za jioni.

Ongeza ekstensheni yenye kinga dhidi ya umeme wa ghafla. Kinga hiyo hutegemea waya wa athi, ule wa kijani na manjano, na ziko nyumba za kupanga ambazo soketi ina tundu la athi lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, akupimie. Radi ikiwa juu ya mtaa wenyewe, chomoa. Nyuzi za faiba ni kioo na hazipitishi umeme, lakini mwenye dishi ya Starlink au antena juu ya mabati ana waya mwingine unaoingia ndani, na huo nao uchomolewe.

Nambari mbili: swichi janja ya taa za nje

Hapa ndipo ningeweka pesa zangu baada ya ruta, na ndipo nasisitiza zaidi. Taa za nje ndizo watu husahau kuwasha wakisafiri na kusahau kuzima asubuhi. Swichi inayojiwasha jua linapotua na kujizima linapochomoza itakufanyia kazi hiyo kila siku. Tena huku karibu na ikweta saa za machweo hazisogei sana, kwa hiyo hata ratiba ya saa moja kamili jioni hadi saa moja kamili asubuhi itakufaa mwaka mzima.

Zipo aina mbili. Ya kwanza ni swichi nzima ya kugusa inayochukua nafasi ya ile ya ukutani. Ya pili ni kijisanduku kidogo, kama vile Sonoff Mini au Shelly, kinachofichwa nyuma ya swichi uliyo nayo. Mimi napendekeza hiki kijisanduku. Swichi ya zamani inabaki palepale na inaendelea kufanya kazi kwa kidole. Nyumba yenye wazee ni lazima iwe hivyo. Mama yangu kule Kakamega aliposikia habari za taa ya simu aliniuliza jambo moja tu: "Na simu yako ikizima, mimi nitakaa gizani?" Leo anabonyeza swichi yake ukutani kama alivyozoea, na mimi nikiwa Kisumu naweza kuiwasha taa ile ile.

Sasa tatizo ambalo muuzaji hatakuambia. Vifaa vingi vya aina hii vinahitaji waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, na nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambapo nyutro huenda moja kwa moja kwenye taa na haishuki hadi kwenye swichi. Fundi akifungua swichi ataona waya mbili tu za kufanyia kazi, na zote ni laivu, yaani za kuleta umeme: moja inaingia, nyingine inakwenda kwenye taa. Hilo likitokea, kijisanduku kifungwe juu darini, pale waya zinapokutana. Zipo swichi zisizohitaji nyutro, ila nyingi hufanya balbu za LED za wati chache zipepese zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo mlipe fundi afungue swichi moja kwanza, umwone kwa macho yako akiigundua nyutro iko wapi, ndipo ununue.

Ukiwa dukani omba jaribio hili: waunganishe kifaa kwenye waifai yao, kisha wachomoe waya wa intaneti huku ruta ikiwaka. Kama programu ya simu bado inawasha na kuzima, kifaa hakitegemei seva za ng'ambo kwa kila kitu. Sonoff na Shelly wana uwezo huo ndani ya mtandao wa nyumbani. Jambo hili lina uzito. Mnamo Aprili 2022 kampuni ya Marekani ya Insteon ilizima seva zake ghafla, na wateja wakaachwa na vifaa vyenye afya ambavyo programu yake haifunguki.

Nambari tatu: plagi janja yenye kupima stima

Huuzwa kama shilingi 1,000 hadi 2,500. Chukua yenye miguu mitatu ya mraba ya kwetu. Zile za miguu ya mviringo zinazohitaji adapta huchezacheza kwenye soketi na kupata moto. Faida yake kubwa ni kipimo. Tokeni zikiisha haraka nyumbani, kila mtu ana mshukiwa wake. Iweke plagi kwenye friji wiki moja, kisha kwenye televisheni, na ubishi utakwisha kwa yuniti zilizoandikwa kwenye simu.

Mipaka yake ni migumu. Ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120, na plagi nyingine zimeandikwa ampea 10 tu. Shawa ya kupasha maji papo hapo yenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Isiguse plagi janja kamwe. Pampu ya maji nayo huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapoanza kuzunguka, na vile vidude vya ndani ya plagi huweza kugandana, pampu ikakataa kuzima na tangi likafurika. Ukitaka pampu ya kuwasha kwa simu, fundi aweke kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa na umeme mdogo, kisha kifaa janja kiiamuru kontakta. Wala plagi hii haichukui nafasi ya kile kifaa cha kulinda friji. Kile husubiri dakika kadhaa stima ikirudi kabla ya kuiachia friji, na plagi ya kawaida haifanyi hivyo.

Nambari nne: kamera

Nunua yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kamera inayorekodi muda wote kwa megabiti 1 kwa sekunde hutengeneza gigabaiti 10.8 kwa siku. Kwenye kadi ya 64 GB unapata karibu siku sita kabla haijaanza kufuta za zamani, bila kulipia hifadhi ya mwezi. Kwa anayetumia bando la simu kama intaneti ya nyumbani, kupakia video hizo mtandaoni ni kuchoma pesa. Weka irekodi mwendo tu.

Badilisha nenosiri lililokuja nayo siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Na ielekeze kwenye geti na uwanja wako. Kamera inayochungulia mlango wa jirani inakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mbali na kukuharibia ujirani.

Nambari tano: balbu janja

Nimeishusha kwa sababu mtu akizima swichi ukutani, balbu inakufa kwa simu. Na jinsi nyingi zinavyokuja kutoka kiwandani, stima ikirudi saa tisa usiku zinawaka zote kwa nguvu. Tafuta kwenye programu mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uweke ikumbuke ilivyokuwa. Angalia pia kitako: cha pini ni B22, cha kuzungusha ni E27, na nyumba moja huweza kuwa na vyote.

Kwa mpangaji wa Nyalenda, Manyatta au Kondele ambaye mwenye nyumba hataki waya ziguswe, mpangilio wangu unabadilika: UPS, plagi, kisha balbu. Hivyo vyote vinabebeka siku ya kuhama.

Vya mwisho

Spika ya kuamrisha kwa sauti ni ya anasa, na Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, haielewi Kiswahili. Kufuli la mlango la waifai ningeliacha hadi kila kitu kingine kitulie, na hata hapo liwe na tundu la ufunguo wa kawaida. Vifaa vya Zigbee, vinavyoongea kwa mtandao wao badala ya waifai, ni vizuri lakini vinahitaji kituo chao cha kuviunganisha. Vifikirie ukipita vifaa ishirini hivi, ruta ya kupewa na kampuni ikianza kulemewa.

Wakati wa kuunganisha, karibu vifaa vyote hivi hutumia masafa ya GHz 2.4 pekee. Ruta ikichanganya GHz 2.4 na 5 kwa jina moja na kifaa kikakataa kuungana, zima ile ya 5 kwa muda, au simama mbali kidogo. Itoe ruta nyuma ya televisheni na kabati, uiweke juu na katikati ya nyumba, kwa kuwa kuta za mawe na mabati humeza mawimbi. Siku ukibadilisha kampuni ya intaneti, ipe ruta mpya jina na nenosiri lile lile la zamani, na vifaa vyako vitarudi mtandaoni vyenyewe bila kuunganishwa upya kimoja kimoja.

Kabla ya kulipa, iwe ni maduka ya Oginga Odinga Street au popote pengine, kiwashwe mbele yako. Hakikisha risiti ina muhuri wa duka, muda wa dhamana na namba ya kifaa iliyo kwenye boksi. Ukiletewa kwa gari kutoka Nairobi, uliza kwanza ni nani atalipa nauli ya kukirudisha kikikataa kuwaka.