Fayaplesi feki ya chumba kidogo: hela peleka kwenye fremu, moto nunua wa bei rahisi

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo ni hii kitu hapa nyuma yangu mliyoiulizia sana, fayaplesi ya uongo, yaani mfano wa ile sehemu ya kuotea moto ya ukutani, haina dohani, haina moshi, na kabla hujaniandikia "Bongo joto hili fayaplesi ya nini" kumbuka niko Arusha, mwezi wa sita na wa saba huku watu tunalala na blanketi mbili. Ila hata hivyo sikuijenga kwa ajili ya joto. Chumba kilikuwa kitanda na kabati basi, ukuta wa mbele mtupu kama wa gesti, nikasema hapana.

Sasa chumba ni mita 3 kwa 3, kwa hiyo cha kwanza kukipigia hesabu ni kina, yaani inatokeza kiasi gani kutoka ukutani. Fremu nyingi zinazouzwa tayari zinatokeza sentimita 30 na zaidi kwa sababu zimepangiwa hita ikae ndani, ukiiweka kwenye chumba hiki unapita kati ya kitanda na fremu kwa ubavu. Yangu ina sentimita 18 tu. Upana 110, kimo mita moja kamili, tundu la katikati 60 kwa 70, kwa hiyo kila mguu umebaki na 25 na juu 30, halafu shelfu ya juu imezidi kidogo sentimita 3 kila upande. Na hapa kwenye miguu fundi atakwambia tupunguze bosi, tuweke 10 inatosha, mkatalie! Fayaplesi ya kweli miguu yake ni matofali yamebeba uzito, mguu ukiwa mwembamba hata uwashe moto wa aina gani ndani bado ni shelfu tu.

Mbao nimetumia MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ya milimita 18, bodi moja ya futi 8 kwa 4 inatosha na kipande kinabaki, ila ina kama kilo 40 kwa hiyo usijifanye utaibeba na bodaboda. Mwambie wa dukani akukatie vipande vyote kwa mashine, wewe nyumbani unabaki na gundi, skrubu, puti na msasa. Kuna waliosema jipsamu ni rahisi, sawa, ila jipsamu ni ya dari, hapa chini ukigonga na begi kona imemeguka. MDF nayo ina mambo yake, kwenye ncha zilizokatwa inakunywa rangi vibaya mno, pale praima piga mara mbili, na ile gundi iliyomo ndani inatoa harufu ya formaldehaidi kwa hiyo paka rangi pande zote mpaka nyuma ambako hakuna atakayeona, halafu iache barazani ipigwe upepo kwanza ndo uingize chumba cha kulala. Ndani ya tundu paka nyeusi isiyong'aa. Hiyo rangi nyeusi inafanya kazi kuliko kitu chochote nitakachokuonyesha leo, kina cha sentimita 18 kinaonekana mara mbili.

Stika za matofali za povu, zile karatasi nene za kubandika, kwa mbali safi, kwa karibu maungio yanaonekana na zinashika moto haraka. Mimi nimeachana nazo. Kama utaweka hita usiziguse kabisa.

Haya tuje kwenye moto wenyewe. Kuna wa mvuke, huu ndo unawatoa watu macho mtandaoni. Ndani kuna kisahani kinatetema kwa kasi kubwa, maji yanageuka ukungu, taa za rangi ya chungwa zinaupiga kwa chini unaonekana mwali kabisa, na kiukweli kwa macho huu ndo namba moja. Lakini wadau, maji ya huku tunayajua, yana floraidi na madini, angalia tu meno yetu. Ukungu unayabeba yale madini, maji yakikauka inabaki vumbi jeupe juu ya ile nyeusi yako nzuri na wewe umelala hapo hapo unalivuta, labda uwe unanunua maji yasiyo na madini kila mara. Halafu unyevu na MDF havipatani, itavimba. Kwa chumba cha kulala mimi siuchukui.

Wa pili ni ule wa umeme wenye hita. Mwali wake ni ufito wenye vibati vinavyong'aa, unazunguka mbele ya taa, mwanga unarushwa kwenye kioo cha nyuma ndo unaona moto unacheza. Joto lake ni kweli, lakini wati 1,500 ni yuniti moja na nusu kwa saa, ukiwasha kwa masaa manne kila usiku ni yuniti 180 kwa mwezi, kwa yuniti ya kama shilingi 350 hapo ni zaidi ya elfu 60 ya luku kwa moto wa mapambo. Na wale mnaoletewa na ndugu kutoka Marekani, ile ni ya volti 120, kwetu ni 230, ukichomeka imekufa. Ukinunua ya hapa ichomeke ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni yenye pasi na jagi.

Nilichobaki nacho ni mishumaa ya LED ya betri, ile yenye utambi unaotikisika na rimoti, ina taima inawaka kwa masaa sita inajizima, kesho inawaka yenyewe muda ule ule. Changanya mirefu na mifupi, nyuma yake kuni chache, na chagua mwanga wa manjano wa kelvini 2,700, ule mweupe utakupeleka dukani kwa Mangi. Kuni zianike juani kwanza ugonge magome, ukiona zinatoa unga zimebunguliwa, zitoe nje kabla wadudu hawajahamia kwenye kitanda.

Na tafadhali sana, usiniambie utaweka jiko la mkaa humo ndani kwa sababu tundu lipo. Dohani hakuna, kaboni monoksaidi haina harufu, watu wanalala hawaamki.

Mwisho ifunge ukutani, fisha mbili na vyuma vya L, mtoto akining'inia isimwangukie. Vipimo vyote nimeviandika hapo chini, ila kama ukuta wako una skatingi, ule ukanda unaotokeza chini ya ukuta, pima kimo na unene wake kwanza, maana miguu inabidi ichongwe kwa nyuma pale ndo fremu ilale sawa na ukuta.