Kozi ya picha za dirishani: macho ya modo yamewaumbua

Naandika hapa nikiwa bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Nilijiunga na kozi ya mtandaoni ya kupiga picha za sura kwa mwanga wa dirisha, jina silitaji, na kilichonivuta ni ahadi yao moja tu, kwamba hamna flashi hamna taa, ni wewe na dirisha na mtu wako basi. Mimi taa sina, kamera yangu ya kawaida kabisa, nikasema hii sasa ndiyo yenyewe.

Masomo ya mwanzo sina neno. Lile la pazia peke yake ningelilipia: jua likipiga moja kwa moja kivuli cha pua kinakata shavu kama kisu, ukishusha pazia jeupe jepesi dirisha zima ndiyo linakuwa taa yako na ngozi inatulia. Na balbu za chumbani zima zote, maana kwa kipimo cha rangi ya mwanga balbu ya njano ni Kelvini 2700 hivi na mwanga wa mchana uko kwenye 5500, ukiacha vyote shavu moja linatoka la machungwa jingine la bluu halafu uje uhangaike kuediti. Kweli tupu hiyo.

Sasa tukafika somo la kumkalisha mtu mbali na dirisha. Mwalimu kamweka modo ndani kabisa ya chumba, na ule upande wa uso usiotazama dirisha bado unang'aa vizuri tu, anasema "mnaona, dirisha tu hilo". Nikajaribu kwa mdogo wangu, kila nikimrudisha nyuma ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, inapanda mpaka 3200 picha inajaa chenga, na upande wa pili giza totoro. Tumehangaika na kile kiti weee mpaka mtoto wa watu kachoka. Ndipo nikarudi kwenye picha ya mwalimu nikaivuta mpaka jicho likajaa skrini. Mraba wa dirisha unaakisi humo, na mstari wa fremu katikati unauona kabisa. Ila pembeni yake, chini kidogo, kuna kitu kingine cheupe pee chenye pembe 8. Nikahamia jicho la pili, nako kipo! Jamani dirisha gani lina pembe 8? Ile ni softboksi, taa ya studio yenye kitambaa cheupe mbele cha kulainisha mwanga.

Nikauliza kwenye grupu la kozi, kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, samahani, mbona machoni kuna mwanga wa pili, kuna taa imetumika?" Jibu nililopewa: "Dada jifunze kwanza kushika kamera ndiyo uje kukagua kazi za watu." Wakacheka pale, na baadaye naangalia swali langu limefutwa.

Kutumia taa siyo dhambi, wapiga picha wangapi wanaongezea taa na kazi zao ni safi. Angesema tu hapa nimeongeza kidogo, yameisha. Lakini unamuuzia mtu dirisha halafu unaficha softboksi nyuma ya kamera, mwanafunzi anabaki anadhani yeye ndiye hajui! Na dawa ilikuwepo tena rahisi, nimesimamisha manila nyeupe upande wa pili wa mdogo wangu, karibu kabisa na bega, kivuli kikalegea hapo hapo. Kwenye kozi nzima hilo halijatajwa hata kwa bahati mbaya.

Nilikuja kutoa nyota 3 kwa ajili ya somo la pazia, na bado nasema lile somo ni zuri, aliyeshalipa aliangalie lile na la balbu. Ila kadiri ninavyoandika ndivyo inavyonipanda, maana swali limefutwa na picha imeachwa pale pale inaendelea kufundishia watu wengine. Hapana, nyota 1. Na hela yangu nimeomba nirudishiwe, hakuna aliyenijibu.