Seti ya barakoa ya nguvu: nimeijaribu usoni kwangu

Haya wapendwa, karibuni tena. Mnaiona hii niliyoshika? Pua yangu hiyo, na shavu langu hilo. Nimeitengeneza kwa seti ya barakoa ya “nguvu ya ndani”, ndivyo boksi linavyojisifu. Sijalipwa na mtu, nimeinunua mwenyewe.

Ndani kuna roli 4 za bendeji ya plasta, zile zile wanazofungia hogo mtu akivunjika mguu. Kuna rangi, brashi, vijiwe vya kubandika, na kijitabu kinachodai vijiwe vinavuta nishati. Nimevibandika, vimependeza. Vitatu vimeshadondoka.

Bendeji lakini ni nzuri kwelikweli. Unazikata vipande, unapaka mafuta ya mgando uso mzima, na kwenye nyusi paka mpaka zilale, usije ukazing'oa. Kisha unachovya kipande, unabandika, tabaka 3, matundu ya pua unayaacha wazi. Hapo ndipo kijitabu kiliponiponza: kinasema tumia maji ya moto. Jamani! Plasta inapoganda inatoa joto yenyewe, na maji ya moto yanaiharakisha. Tabaka la pili sijalimaliza, kipande kimekakamaa mkononi na shavu linawaka. Nikabandua, nikarudia na maji ya uvuguvugu. Na tafuta mtu wa kukubandikia akae hapo hapo pembeni. Ukiwa peke yako, macho utayafumba saa ngapi?

Sasa sikilizeni. Ukishafunikwa unakaa kama dakika 20 kimya, maana ukitabasamu tu inapasuka. Unabaki na pumzi yako. Mimi na mdomo wangu huu mnaoujua! Dakika za mwanzo nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia nyinyi. Baadaye yakaisha, nikatulia vile ambavyo sijatulia siku nyingi. Ile nguvu ya kwenye boksi, mimi nimeikuta hapo. Kule Marekani, hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, wanajeshi waliorudi vitani na majeraha ya ubongo hutengeneza barakoa kama sehemu ya tiba ya sanaa, waonyeshe yale yasiyosemeka. Zamani nilidhani ni kupotezeana muda.

Upande wa ndani nimeandika neno moja. Hapana, siwageuzii.

Ukiivua, iache ikauke siku nzima au zaidi kabla ya kupaka rangi, la sivyo unyevu unabaki ndani, rangi inabanduka na ukungu unaingia. Rangi zao zenyewe ni maji matupu, nimepaka mara 4 ndipo nyekundu ikaonekana nyekundu. Nunua rangi yako ya akiriliki. Na yale maji ya plasta usimwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba.

Naipa 7 kati ya 10. Mbili nimekata kwa rangi, moja kwa shavu langu.