Kitufe kinasema "bila kupoteza ubora", faili linasema vingine

Nimeitumia programu hii ya kulipia kwa miezi kadhaa kuunganisha vipande vya video za droni. Kitufe chake kikubwa cha kijani kimeandikwa "Unganisha bila kupoteza ubora". Kitufe hicho kinadanganya, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Tazama ukubwa wa faili tu. Droni nyingi huikata rekodi ndefu kila faili linapokaribia GB 4, kwa kuwa mfumo wa FAT32, unaopanga mafaili kwenye kadi nyingi za kumbukumbu, haupokei faili linalozidi baiti 4,294,967,295. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, unafika hapo baada ya dakika 5 na sekunde 40 na kitu. Vipande 3 vilivyojaa, vikiunganishwa bila kuguswa, lazima vitoe GB 12 na ushei. Nikapewa faili la GB 2.6. Maana yake kila fremu, yaani kila picha moja ya video, imefunguliwa na kubanwa upya, tena kwa nguvu. Maji yaliyokuwa na viwimbi vidogovidogo yamekuwa uji. Majani ya miti yanavunjika vijisanduku kila droni inapogeuka. Anga la machweo limepata mistari kama ngazi, kwa sababu rangi za biti 10, zenye vivuli vingi zaidi, zimeshushwa hadi biti 8 kimyakimya.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha fremu ileile kabla na baada. Jibu: "Jicho la kawaida halioni tofauti. Jaribu skrini nyingine." Skrini nyingine! Kuhusu biti 10, kimya. Kuhusu zile GB 10 zilizoyeyuka, kimya. Mtu amesubiri upepo utulie, amebahatisha mwanga wa dakika chache tu, halafu anaambiwa tatizo ni macho yake. Nimesoma majibu mabovu ya huduma kwa wateja, lakini hili limenikera kuliko yote.

Haki yao niwape, hata hivyo. Ndani kabisa ya mipangilio, mahali ambapo mgeni hafiki, kuna kisanduku kinachoitwa "Nakili mkondo". Ukikiwasha, hakuna kinachobanwa: pakiti za video, yaani vifurushi vya data iliyokwisha kubanwa, huhamishwa zilivyo, na kasi hutegemea diski tu. Nilihesabu pakiti kwa ffprobe, zana ya kukagua faili za video, jumla ya vipande 3 ikalingana na ya faili zima, hata moja haikupotea. Picha safi, biti 10 zipo. Hapo nilikuwa tayari kufuta ukali wote na kutoa nyota 4.

Kisha nikafika kwenye kiungo cha pili, pale kipande cha pili kinapoungana na cha tatu. Picha inaganda kidogo, kama mtu amekwaa jiwe, halafu inaendelea. Chanzo chake kinajulikana: mkondo wa sauti katika kipande ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa video, na kipande kinachofuata huanza pale mkondo mrefu unapoishia. Pengo la sehemu ndogo ya sekunde, lakini kamera ikiwa inateleza polepole angani jicho linalikamata papo hapo. Programu haikuonya. Pia ilikubali kipande cha fremu 30 kwa sekunde na cha fremu 60 kwa pamoja bila kunong'ona, na kilichotoka kilikuwa kinarukaruka.

Dawa ni ya bure, inaitwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwanza ondoa kila kitu kisicho video katika kila kipande, ikiwemo ile mikondo ya data ambayo baadhi ya droni huipachika humo:

ffmpeg -i kipande1.mp4 -map 0:v:0 -c copy v1.mp4

Rudia kwa vipande vyote. Kisha andika orodha.txt, mstari mmoja kwa kila faili, kwa mpangilio wa kurekodiwa:

file 'v1.mp4'
file 'v2.mp4'
file 'v3.mp4'

Halafu unganisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mp4

Kama video ni ya H.265 (mojawapo ya kodeki, yaani njia za kubana video) na QuickTime, kicheza video cha Apple, inakataa kuifungua, ongeza -tag:v hvc1 kabla ya jina la faili la mwisho. Vipande lazima vifanane kodeki, vipimo vya picha, idadi ya fremu kwa sekunde na kina cha rangi. H.264 na H.265 haviungani kwa njia hii, na anayekuahidi kinyume anabana upya bila kukwambia. Ukitaka kupunguza mwanzo wa kipande, kata kwenye fremu kamili. Fremu za katikati huhifadhi mabadiliko tu, kwa hiyo ukikata hapo bila kubana upya utapata picha iliyoganda au yenye mabaka. Na ukitaka picha moja iyeyukie katika nyingine, hapo kubana hakukwepeki, angalau kwenye zile sekunde za mwingiliano. Mafaili ya asili usiyafute kabla hujatazama kila kiungo kwa macho, fremu kwa fremu.

Nyota 2, basi. Moja ya kile kisanduku, moja ya mwonekano wake ambao kusema kweli ni mzuri na rahisi kwa mtu asiyependa kuandika amri. Hapana, naondoa moja. Toleo jipya limetoka juzijuzi, nimelifungua nikiwa na matumaini, na kitufe cha kijani kipo palepale na maneno yaleyale. Nyota 1.