Upimaji wa Damu ya Ubongo baada ya Baipasi ya Moyamoya: Tathmini ya Huduma

Mdogo wangu anaishi Japani, nchi ambayo madaktari wake ndio walioueleza kwanza, mwaka 1957, ugonjwa huu wa moyamoya, yaani kusinyaa kwa ateri kuu zinazoingia ubongoni. Sitathmini hapa ustadi wa aliyempasua katika hospitali ya chuo kikuu alikotibiwa, bali upimaji wa mtiririko wa damu, ambao mtu hauulizii mpaka mambo yaende kombo.

Kabla ya upasuaji alipigwa skani ya SPECT (picha zinazoonyesha damu inavyotiririka ubongoni) akiwa ametulia, kisha nyingine baada ya kudungwa asetazolamidi, dawa inayotanua mishipa. Ubongo wenye afya huongeza damu ukipewa dawa hiyo. Upande wake wa kushoto haukuongeza, kwa sababu mishipa ilikuwa imekwisha kutanuka kadiri iwezavyo ili kufidia upungufu, na akiba haikubaki. Picha hiyo ndiyo iliyotufanya tukubali fuvu lifunguliwe, ateri ya ngozi ya kichwa iunganishwe na tawi la ateri ya kati ya ubongo (hiyo ndiyo baipasi), na kipande cha msuli kilazwe juu ya ubongo ili mishipa mipya ichipue humo taratibu.

Huduma ilionyesha thamani yake katika siku za mwanzo baada ya upasuaji. Skani ilionyesha kwamba damu imezidi karibu na mahali ateri zilipounganishwa, jambo linaloweza kutokea kwa sababu mishipa iliyozoea ukame hushindwa kujibana damu inapoingia kwa ghafla. Siku chache baadaye mdogo wangu alianza kukosa maneno. Sisi tuliamini ni kiharusi kingine, lakini MRI haikuonyesha sehemu mpya iliyokufa, na kwa kuwa vipimo vya awali vilikuwepo, madaktari walijua tatizo ni wingi wa damu, si uhaba. Walidhibiti shinikizo la damu kwa uangalifu mkubwa, kwani likiachwa juu ubongo unaweza kuvuja damu, na likishushwa mno maeneo ya jirani, ambayo wakati huo huenda yanapata damu pungufu, yataumia. Usemi ulirejea kabla hajaruhusiwa kutoka.

Udhaifu wa huduma uko katika maelezo. Hakuna aliyetutahadharisha mapema kwamba mgonjwa anaweza kupoteza usemi kwa muda ilhali upasuaji umefanikiwa. Tulielezwa tukiwa tayari tunalia. Picha za rangi tulizokabidhiwa hazikuwa na kipimo pembeni, hivyo nyekundu ya skani moja haikuweza kulinganishwa na nyekundu ya nyingine, na mkalimani (mtu mpole kwelikweli) hakuwa na msamiati wa kutusaidia.

Skani ya miezi kadhaa baadaye ilionyesha damu imetulia na akiba imeanza kurudi upande wa kushoto, msuli nao ukichangia sehemu yake. Gharama zilibebeka, kwa kuwa Japani imeuweka moyamoya katika orodha ya magonjwa sugu yanayopewa ruzuku ya serikali, na wageni wenye bima ya afya ya huko nao hunufaika.

Upande wa kulia bado unasubiri. Tutarudi hospitali hiyohiyo, ila safari hii nitaomba tarakimu za mtiririko kwa maandishi, pamoja na orodha ya dalili za kutarajiwa, kabla sijatia saini.